Nyuma ya Sanamu Kuna Bolti

Ingia hoteli yoyote kubwa Nairobi, au hata ile mikahawa mipya ya mtaani yenye bei ya kutisha, na utakuta ukutani sanaa ya chuma: samaki wa shaba, jani la mgomba, uso wa mtu usio na macho. Mbele kote ni safi. Hakuna tundu, hakuna kichwa cha skrubu. Sasa imeshikwa na nini? Wengi wetu hatuulizi. Tunapiga picha, tunaipost, tunaenda zetu.

Jibu liko mgongoni. Mara nyingi ni bolti tatu au nne zilizounganishwa na bamba kwa nyuma, zikaingia ukutani au kwenye fremu na kufungwa kwa nati. Inaonekana kazi ndogo. Lakini ili bolti ile ikae pale, ilibidi historia mbili tofauti zikutane, moja ya moto na nyingine ya nyuzi, na zilichukua zaidi ya miaka elfu nne kufanya hivyo.

Tuanze na moto. Fundi akitaka kushikisha bolti kwenye bamba jembamba, kuchomelea kwa kawaida ni hatari, kwa sababu welding inayeyusha vyuma vyote viwili. Bamba la milimita moja litatoboka, au litajikunja, na samaki wako atakuwa na kidonda tumboni. Njia nyingine ni kulehemu kwa chuma cha tatu, kinachoyeyuka mapema kuliko hivyo viwili. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za Selsiasi. Lehemu yenye fedha huyeyuka kati ya 600 na 800 hivi. Kwa hiyo bolti na bamba vinabaki vigumu, lehemu peke yake inageuka maji na kufyonzwa kwenye ule mwanya mwembamba, vile chai inavyopanda kwenye mandazi. Wahandisi wameweka mpaka: lehemu ikiyeyuka juu ya nyuzi 450, hiyo ni lehemu ngumu. Chini ya hapo ni ile laini ya mafundi wa redio na simu.

Ujuzi huu ni wa kale. Mji wa Uri, Iraki ya leo, ulichimbwa na Leonard Woolley miaka ya 1920, na katika makaburi yake ya kifalme, yenye umri wa miaka 4,500 hivi, kulipatikana vito vya dhahabu ambavyo vipande vyake viliunganishwa kwa moto. Wagiriki walikuwa na neno chrysocolla, yaani gundi ya dhahabu. Pliny, Mroma aliyekufa Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, aliandika jinsi masonara walivyoichanganya: kutu ya shaba kutoka Kupro, magadi, na mkojo wa mvulana ambaye hajabalehe. Cheka tu, lakini hawa watu hawakuwa wajinga. Kutu ya shaba ikipata joto na kaboni inarudi kuwa shaba, na shaba ikigusa dhahabu inashusha kiwango chake cha kuyeyuka. Walikuwa wanafanya kemia kabla haijapewa jina.

Historia ya nyuzi ni changa zaidi. Skrubu za chuma na nati zilionekana Ulaya karne ya 15, kwenye saa na mavazi ya vita, lakini zilikatwa kwa mkono, moja moja. Nati ya bolti hii haikuingia kwenye bolti ile. Ukiipoteza, umeipoteza. Karibu mwaka 1800, Henry Maudslay wa London alitengeneza mashine ya kukata nyuzi zilizolingana. Kijana mmoja aliyepitia karakana yake, Joseph Whitworth, alipendekeza mwaka 1841 kwamba Uingereza nzima itumie nyuzi za kipimo kimoja, zenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 William Sellers akapendekeza ya Wamarekani, pembe 60. Leo ukienda Kirinyaga Road ukaitisha nati ya M6, itaingia kwenye bolti yako bila kujuana. Hiyo amani ilipiganiwa.

Kilichobaki ni moto unaoweza kulenga mahali padogo. Mwaka 1895 Mfaransa Henry Le Chatelier alionyesha kwamba asetilini ikiungua pamoja na oksijeni inatoa joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Miaka michache baadaye tochi zikaanza kuingia karakana. Sasa fundi angeweza kupasha bolti bila kutia sanamu nzima kwenye tanuru.

Lakini mgongo ukipuuzwa, mbele hulipa. Mfano mkubwa ni Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni mabamba ya shaba yasiyofika milimita 3, na ndani yalishikiliwa na vipande vya chuma. Shaba na chuma zikigusana penye maji ya chumvi, chuma huliwa. Wajenzi walijua, wakaweka kizuizi katikati, lakini kizuizi kilichakaa. Chuma kikavimba kwa kutu na kuzing'oa ribiti. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 1986, mafundi walibadilisha karibu vipande vyote vya ndani na kuweka vya chuma kisichoshika kutu. Mbele hakuna mtalii aliyeona tofauti. Funzo lile lile linahusu samaki wa hotelini: bolti ya chuma cha kawaida kwenye shaba, ukuta wa nje, Mombasa, na siku moja kitu kinaangukia mtu.

Ndiyo maana fundi anayejua hana haraka. Anasugua sehemu zote mbili hadi zing'ae, kwa sababu lehemu haishiki uchafu. Anapaka boraksi ili hewa isichafue chuma kikiwa moto. Anaelekeza moto zaidi kwenye bolti, maana ni nene na inachelewa kupata joto, huku bamba likikunjika upesi. Ikiwa bolti imepakwa zinki, anaiondoa kwanza, kwa kuwa moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku kucha. Kuna lehemu zenye kadimiamu, ambazo zinayeyuka vizuri sana na zinaua mapafu. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2011, isipokuwa kwa matumizi machache maalum. Fundi anayefanya kazi bila kujua kilicho ndani ya waya wake analipa kwa kifua chake.

Hapa ndipo jambo hili linatugusa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieneza jina "sekta isiyo rasmi", na watu wa Kamukunji na Gikomba wakawekwa humo. Sisi tukawaita jua kali. Yote ni majina ya pale mtu anapokaa, hayasemi anajua nini. Mtu anayesoma rangi ya chuma kinachopata moto na kujua sekunde ya kuondoa tochi anabeba ujuzi uliopita kwa masonara wa Uri, lakini kwenye karatasi zetu yeye ni "isiyo rasmi".

Msanii huweka sahihi mbele, na ana haki yake. Ila kuna nafasi ya kutosha nyuma, karibu na zile bolti, ya kugonga jina la pili kwa nyundo na patasi. Anayenunua sanaa anaweza kuliitisha. Na mwenye ukumbi anaweza kuuliza kabla ya kutundika: nani alifunga hii, na kwa lehemu gani? Kama hakuna anayejua, usikae chini yake.