Mahali pa Kulikata Neno

Sisi tuliolelewa katika Kiswahili hatuumizi kichwa tunapokata neno mwishoni mwa mstari. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Basi mwandishi hungoja irabu ipite, akatia kistari, akaendelea mstari wa pili. Mwa-na-fu-nzi. Hana haja hata ya kukumbuka kwamba ndani ya neno hilo kuna maneno mawili yaliyooana. Kinorwe, lugha niliyojifunza nilipokuwa masomoni Bergen, hakikunipa raha hiyo, na nimekuja kuona kwamba ugumu wake umebeba historia nzima ya watu wale.

Wanorwe hupenda mno kuunganisha maneno. Pale tunaposema glasi ya mvinyo, wao husema vinglass: vin ni mvinyo, glass ni glasi. Maneno huandikwa pamoja bila nafasi, na mkazo mkuu huangukia sehemu ya kwanza. Sehemu ya mwisho ndiyo itajayo kitu chenyewe. Iliyotangulia hueleza ni kitu cha namna gani. Kwa hiyo utaratibu wao ni kinyume cha wetu: sisi huanza na glasi, wao humalizia nayo.

Sasa, kanuni ya kawaida ya kukata maneno katika Kinorwe yasema kwamba konsonanti moja iende pamoja na irabu inayofuata. Ukiifuata kanuni hiyo kwa upofu utapata ving-lass, na lass ni shehena ya gari. Ndiyo maana neno ambatani hukatwa kwenye kiungo chake: vin-glass. Agizo hili ni fupi, lakini lina jambo zito ndani yake. Huwezi kulikata neno vizuri mpaka ujue limetokana na nini.

Mara nyingine kiungo hutiwa gundi. Barn ni mtoto, hage ni bustani, na shule ya chekechea ni barnehage, bustani ya watoto, kwa kuiga Wajerumani. Dag ni siku, lys ni nuru, na nuru ya mchana ni dagslys. Hizo e na s hubaki na neno la kwanza: barne-hage, dags-lys. Wala si pambo tu. Rød ni rangi nyekundu, na glasi ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass. Ile s, ambayo haikuwamo katika vinglass, yatujulisha kwamba rød na vin zilikwisha kuungana kabla ya glass kuja. Chekundu ni kinywaji, si chombo.

Lililonishangaza kuliko yote ni nattog, treni ya usiku. Natt ni usiku, tog ni treni. Tungetazamia t tatu. Wanorwe hawaandiki konsonanti tatu zinazofanana zikifuatana, kwa hiyo moja huachwa. Lakini neno hilo likiangukia mwisho wa mstari na kukatwa, ile t iliyomezwa hurudi: natt-tog.

Msomaji ataniuliza historia iko wapi. Iko hapa. Norwe iliunganishwa na Denmark tangu mwaka 1380 hadi 1814. Katika muda huo Kinorwe cha kuandikwa kilififia, na Kidenishi kikawa lugha ya sheria, ya kanisa na ya shule. Aidha, pale Bergen wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walikuwa na kituo chao toka yapata 1360 hadi 1754, na maneno yao yakaenea kama chumvi katika mchuzi. Nchi ilipopata katiba yake mwaka 1814, kisha ikatiwa katika muungano na Sweden uliodumu hadi 1905, wasomi walijiuliza: lugha yetu ni ipi?

Mmoja aliyejibu ni Ivar Aasen, mtoto wa mkulima wa Ørsta, aliyezaliwa mwaka 1813 na ambaye hakusoma chuo kikuu. Kuanzia 1842 alizunguka mashambani akisikiliza wakulima na wavuvi, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Aliepuka maneno mengi yaliyojengwa kwa viambishi vya Kijerumani, akapendelea yale yaliyoundwa kwa mbao za nyumbani. Upendo, kwa mfano, mjini uliitwa kjærlighet, wenye mkia wa Kijerumani; yeye alichukua kjærleik, ambao mkia wake watoka katika lugha ya kale ya Norwe. Mjadala ukaitwa ordskifte: ord ni neno, skifte ni kubadilishana.

Mwaka 1885 bunge liliipa lugha hiyo haki sawa na ile iliyotokana na Kidenishi. Hata majina rasmi yaliyotolewa mwaka 1929 ni maneno ambatani: bokmål, lugha ya vitabu, na nynorsk, Kinorwe kipya. Mbili hizo zaandikwa hadi leo, na ubishi haujakwisha. Nilipoisoma habari hii niliikumbuka ile t ya nattog. Katika kuungana kuna kitu kilichomezwa. Baada ya kutengana, wako waliokwenda kukitafuta.

Siku hizi hofu ya Wanorwe ni nyingine. Wengi, pengine kwa kuzoea Kiingereza, huandika mbalimbali maneno yaliyostahili kuungana. Ni jambo la kuchekesha, lakini si dogo. Kyllinglever ni maini ya kuku. Ukiandika stekt kylling lever umesema kuku aliyekaangwa yu hai. Tangazo la røykfritt lakataza moshi. Ukiliandika røyk fritt, lakuruhusu uvute sigara upendavyo.

Nasikia baadhi ya wenzetu wakidai kwamba lugha isiyo na mamilioni mengi ya wasemaji haiwezi kubeba elimu ya juu. Wanorwe ni milioni tano na ushee, nao wameyapata maneno yao mengi kwa kuoanisha yale waliyokuwa nayo. Nasi tumefanya hivyo: tuna kifunguakinywa, tuna kipimajoto, na tangu 1967 tuna Baraza la Kiswahili la Taifa la kutusaidia. Kukata silabi zetu hakutudai tujue asili ya neno, na labda kwa sababu hiyo hatuiulizi mara kwa mara. Yafaa tuwazoeze watoto kuiuliza: neno hili limeunganishwa wapi, na sehemu zake ni za nani? Mtoto aliyekwisha kujua kwamba kipimajoto ni kitu kipimacho joto, hatashindwa kuunda neno la chombo ambacho bado hakijapewa jina.