Muda wa Kati: Kijana wa Songwe na Mlango wa Chuo Kikuu

Kati ya siku kijana awekapo kalamu chini baada ya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita na siku jina lake liandikwapo katika daftari la chuo kikuu, pana muda usio na jina maalumu. Wengine huuita likizo, wengine huuita kusubiri majibu, na wazee wengi wa vijijini huuita kukaa nyumbani tu. Katika Tanzania muda huo umekuwa mfupi na umekuwa mrefu. Umewahi kuachiwa hiari ya mtu na umewahi kuamriwa kwa sheria. Swali la kama yafaa kijana asimame kidogo kabla ya kuendelea na masomo, ambalo katika nchi nyingine ni shauri la baba, mama na mtoto wao, hapa limekuwa shauri la dola tangu miaka ya 1960. Mkoa wa Songwe, na hasa mji wake wa mpakani, Tunduma, ni mahali pazuri pa kulitazama shauri hilo, kwa sababu huko muda wa kati haukai mtupu hata siku moja.

Songwe kama mkoa ni mchanga. Ulizaliwa mwaka 2016 kwa kuikata Mbeya upande wa magharibi, na makao yake makuu ni Vwawa. Lakini nchi yenyewe ni ya kale: ni nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, nchi ya kahawa na mahindi, ambayo wageni huijua zaidi kwa kile kimondo kikubwa cha Mbozi. Kwa miaka mingi mtoto wa huko aliyetaka elimu ya juu ya sekondari alilazimika kuondoka kwao, akaenda Mbeya mjini, Iringa au mbali zaidi. Kwa hiyo kumaliza shule kulikuwa na maana ya kurudi. Aliporudi, mikono ya nyumbani ilikuwa ikimngoja, na aliyekuwa ameishi bweni miaka kadhaa akisoma vitabu aliulizwa kwanza kama bado anaweza kushika jembe. Swali hilo la mzazi ndilo, kwa namna yake, lililokuja kuulizwa na taifa zima.

Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni lilikuwa la kujitolea, na waliojiunga walikuwa hasa vijana wenye elimu ndogo au wasio na elimu kabisa. Wasomi walilitazama kwa mbali. Mwaka 1966 serikali ilikata shauri kwamba waliomaliza kidato cha sita na waliohitimu vyuo vya juu nao walitumikie taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi kumi na minane katika kazi zao, wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu. Madai yao hayakuwa ya kipuuzi yote. Walisema kwamba mzigo unatwishwa vijana ilhali wakubwa wanaendelea kunenepa kwa mishahara yao. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza chuoni karibu wanafunzi 400. Wengi wao walirejeshwa mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha kuwa limekwisha tangazwa.

Watu wengi hukumbuka kufukuzwa kwao, na wachache hukumbuka hoja iliyokuwa chini yake. Nyerere aliona kwamba msomi ni mdeni. Kijiji kilichokosa zahanati kilikuwa kimechangia kumsomesha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anadai malipo zaidi kabla hajalipa alichokopa. Katika fikira hiyo muda wa utumishi ni muda wa kulipa deni. Mtu aweza kupinga kiasi cha deni, na tarehe ya kulilipa, lakini ni vigumu kukana kwamba lilikuwapo.

Songwe ilipata kuona kwa macho yake maana ya kazi ya mikono katika siku zile. Ujenzi wa reli ya Tanzania na Zambia ulianza mwaka 1970 kwa mkopo wa Uchina usio na riba, na maelfu ya vijana wa Kitanzania waliajiriwa humo kwa njia ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Njia hiyo ilipanda milima migumu kati ya Mlimba na Makambako, ikapita Mbeya na Mbozi, ikafika Tunduma mwaka 1973, miaka miwili kabla ya kuungana na reli ya Zambia huko Kapiri Mposhi. Mwanakijiji wa Mbozi alimwona mhandisi wa kigeni, mwenye elimu kubwa, akibeba udongo pamoja na vibarua wake. Mambo ya namna hiyo hukaa katika kumbukumbu kuliko hotuba. Mwaka 1972, wakati reli ingali inajengwa, wanafunzi kama 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Peking kusomea kazi za reli, ili wenyeji waweze kuiendesha wajenzi watakapoondoka.

Katika hali hiyo ya mawazo ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi wa Novemba 1974. Azimio la Musoma hukumbukwa zaidi kwa shauri la elimu ya msingi kwa watoto wote, lakini sehemu iliyowagusa vijana wa kidato cha sita ilikuwa kali kuliko lolote lililotangulia. Kijana hangeweza tena kutoka shule kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Angekwenda kwanza jeshini mwaka mmoja, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na baada ya hapo aombe nafasi akiwa na barua za kumsifu kutoka kwa mwajiri wake, wafanyakazi wenzake na tawi la chama.

Ubora wa fikira hii haustahili kudharauliwa. Walimu wa vyuo hujua tofauti ya mwanafunzi ambaye amewahi kulipwa mshahara na yule ambaye maisha yake yote yamepimwa kwa mitihani. Yule wa kwanza husoma uchumi akiwa ameona ghala la ushirika likivuja. Husoma sheria akiwa amekaa katika baraza la kata. Maswali yake huwa na uzito, na aghalabu humsumbua mwalimu kwa namna inayofaa. Tena azimio lilifungulia mlango watu wazima walioachwa nje na mitihani ya ujanani, na hilo lilikuwa jambo la haki.

Ila palikuwa na kasoro mbili, na zote mbili zilihusu mlango wenyewe kuliko muda wa kungoja. Kasoro ya kwanza ilikuwa zile barua. Kijana aliyemkosoa meneja wa shirika, au aliyegombana na katibu wa tawi, alikuwa ameweka elimu yake mikononi mwa mtu mmoja. Mtihani ulikuwa na ukatili wake, lakini mtihani haukujua jina la ukoo wa mtu wala hakuna aliyehitaji kuuamkia asubuhi. Kazi iliyokusudiwa kumfundisha kijana unyenyekevu iliweza pia kumfundisha kunyamaza.

Kasoro ya pili ilionekana upesi zaidi, nayo iliwapata wasichana. Mvulana aliyengoja miaka mitatu alirudi akiwa mvulana yule yule, pengine na ndevu. Msichana alingoja katika jamii iliyokuwa na mipango mingine juu yake. Wazazi walihesabu umri, wachumba walileta posa, wengine walipata watoto. Na waliokuwa na kazi walisita kuiacha. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka vibaya mara tu baada ya azimio kuanza kutekelezwa, hata ikalazimu wasichana waondolewe sharti la miaka miwili ya kazi. Msomaji ataona kwamba hakuna aliyekaa Musoma akakusudia kuwafungia wanawake nje. Sheria ilikuwa moja kwa wote. Muda ndio haukuwa mmoja.

Haikuwa Tanzania peke yake iliyoshika shauri hili. Ng'ambo ya barabara, kwa kuwa Nakonde na Tunduma hutenganishwa na mpaka ambao mgeni asingeuona kama si kwa mabango na askari, Zambia nayo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 iliwapeleka waliomaliza shule za sekondari katika kambi za utumishi wa taifa. Kenya iliwapitisha wanafunzi katika mafunzo ya miezi mitatu kabla ya chuo kikuu kati ya mwaka 1984 na 1990. Lakini kabla ya hapo vijana wa Kenya walikuwa wamengoja kwa sababu nyingine kabisa: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka, na waliokuwa nyuma yao wakarundikana. Kungoja huko hakukuwa na kambi wala jembe wala fundisho lolote. Kwa upande wa Uingereza, chama cha kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1958 kilianza kwa kuwatuma vijana waliomaliza shule wakafanye kazi mwaka mmoja katika nchi za mbali kabla ya kuendelea. Tofauti ni kwamba kijana yule wa Kiingereza kwa kawaida aliondoka akiwa na uhakika wa mahali pa kurudia.

Sharti la Musoma lililegea na kuachwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 serikali, kwa kukosa fedha, ilisimamisha mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kizazi kizima kikapita bila kujua mchakamchaka wala gwaride la alfajiri. Yalirudishwa mwaka 2013, safari hii kwa miezi mitatu tu. Jambo la kupendeza ni mpango wake: kijana huitwa kambini baada ya mtihani, matokeo hutoka mwezi wa Julai, na vyuo hufunguliwa baadaye, mwezi wa Oktoba au Novemba. Kambi imewekwa ndani ya ufa uliokuwapo tayari. Haipandi juu ya masomo, wala haimtaki mtu kuleta barua ya katibu.

Hata hivyo si kila anayemaliza huitwa, wala si kila anayechelewa huchelewa kwa sababu ya jeshi. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, wako vijana waliopata nafasi ya chuo wakakosa mkopo, wakaamua kungoja mwaka mmoja ili wajaribu tena. Hapo ndipo Tunduma huingia katika shauri kwa nguvu. Idadi ya wakazi wa mji huo ilizidi mara mbili kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022. Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia, na yale yaendayo huko na mafuta na bidhaa, hupita hapo mchana na usiku, na kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa na marais wa nchi mbili mwezi wa Oktoba 2019, hakikuondoa shughuli za mitaani. Kijana ajuaye Kiingereza na hesabu hapati shida ya kazi: atabadilisha kwacha, atajaza karatasi za mizigo, atamsindikiza dereva, atauza simu. Katika wiki moja aweza kushika fedha ambayo baba yake huko Mbozi huiona baada ya kuuza kahawa.

Wapo wasemao kwamba huu ndio uharibifu wa vijana. Neno hilo ni kali mno. Aliyefanya kazi mpakani mwaka mmoja amejifunza bei, lugha, uaminifu na udanganyifu, na mwanafunzi wa biashara asiyejua mambo hayo ana kitabu tupu. Hatari haimo katika kazi. Imo katika kwamba hakuna aliyemwekea nafasi. Mwaka wa kwanza huwa wa kungoja, wa pili huwa wa kusaidia wadogo zake kwa karo, na wa tatu ana chumba, deni la bidhaa na labda mke. Masharti ya mikopo nayo kwa miaka ya karibuni yamemtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mlango hupungua upana kila anapochelewa, bila yeye kuusikia ukisogea. Wenye nacho hawayaogopi haya. Mtoto wa mfanyakazi mkubwa aweza kupumzika mwaka mzima, na karo yake ikamngoja.

Na msichana wa Ileje au Momba bado huhesabiwa umri na wazazi kama alivyohesabiwa mwaka 1975, ingawa sasa hakuna sheria inayomtaka angoje. Miezi mitano iliyo kati ya mtihani na chuo humtosha mchumba kuleta posa. Wenzake walioitwa kambini hurudi Vwawa wakiwa weusi kwa jua na wembamba, wakati kahawa ya mwisho ya msimu ingali imeanikwa, na jioni huenda pamoja kutazama katika simu ya mmoja wao kama majina ya waliopata mikopo yamekwisha kutoka.