Kukoleza si kuangaza

Wahariri wa video wana mazoea ya kusema "ongeza mwanga" hata pale wanapotaka wekundu wa kanga ushibe. Hayo ni mambo mawili. Mwangaza ni kiasi cha nuru: kwenye video ya biti 8 kila rangi ya msingi hupimwa kwa hatua 256, kutoka 0 hadi 255, na ukiupandisha mno, shati jeupe hugeuka doa tupu lisilo na mkunjo wala kifungo. Kushiba kwa rangi ni habari nyingine, nami naiita kukolea. Katika programu ya uhariri ya DaVinci Resolve kipimo chake huwa kwenye 50 kabla hujakigusa. Kishushe hadi 0 na ile kanga itakuwa ya kijivu, ilhali nuru ya picha ipo palepale. Ukindu uliochemshwa na rangi hukolea hivyohivyo, na mchuzi hukolea nazi.

Wapo watakaosema neno lipo tayari: kukoza. Lakini muuza vitambaa akitaja bluu iliyokoza, mteja huwaza bluu ya giza, na hapo tumerudi kwenye nuru tuliyokuwa tukiikimbia. Wengine watatetea neno la mkopo "sacharesheni". Linatamkika, sikatai, ila halimwambii mwanagenzi afanye nini; "koleza kidogo" linamwambia, tena linamtahadharisha, maana mpishi yeyote anajua chumvi iliyokolea na chumvi iliyozidi ni vyungu viwili tofauti. Kwenye video, rangi iliyozidi huonekana kwanza usoni: ngozi hugeuka rangi ya chungwa.