Akiba Iozayo: Kiazi Kitamu Katika Nchi ya Wamaori

Wahenga wetu walinena kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa fedha, na kwa nafaka iliyokaushwa vema ikatiwa ghalani. Lakini mkulima wa viazi vitamu ajua kwamba akiba yake yeye huoza, tena upesi. Ndiyo sababu mama wa Kakamega au wa Kisii hachimbui shamba lote kwa siku moja. Huchimbua vya kutosha chakula cha jioni, na vingine huviacha udongoni. Mvua zikinyesha hatafuti mbegu mbali: hukata vipande vya mashina yatambaayo, akavichomeka katika matuta, na shamba likawa jipya. Kwetu sisi ardhi ndiyo ghala, na shina bichi ndilo mbegu.

Sasa, msomaji, fikiri. Ingalikuwaje lau kila mwaka ungaliingia msimu wa baridi wa kuua kila shina na kuozesha kila kiazi kilichosalia ardhini? Jambo hilo ndilo lililowakuta Wamaori, wenyeji wa Nyuzilandi, na namna walivyolishinda ni habari inayostahili kukumbukwa.

Asili ya kiazi kitamu ni Amerika ya joto. Kilikwisha kufika katika visiwa vya Polynesia, ndani ya Bahari ya Pasifiki, kabla Wazungu hawajakanyaga huko. Katika kisiwa cha Mangaia yamefukuliwa mabaki yake yaliyoungua, ya zama hizo za kale. Wapolynesia walikiita kumara, au majina yanayofanana na hilo. Visiwa vyao vingi ni vya joto kama pwani yetu, basi nao walipanda mashina, wakala mwaka mzima.

Yapata karne ya 13, mabaharia wa Polynesia waliabiri kwa mitumbwi mikubwa kuelekea kusini, wakafika Nyuzilandi. Kwao walizoea minazi, migomba na mishelisheli. Lakini katika nchi hii mpya mimea hiyo haikuwafaa, kwa kuwa iko mbali na ikweta, na kati ya Juni na Agosti sakitu huanguka ikaunguza majani mabichi. Kiazi nacho kilikuwa karibu kupotea. Shina lake hufa kwa sakitu, na kiazi chenyewe, kikikaa siku nyingi katika baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi za sentigredi, hudhurika ndani, kisha huoza. Na lau mbegu ingalikwisha, haikuwa rahisi kurudi visiwani kuitafuta nyingine.

Basi walibadili mambo mawili. La kwanza ni mbegu. Kwa kuwa shina halikuweza kuuvuka msimu wa baridi, mbegu ikawa kiazi chenyewe: walichagua viazi vya kupanda, wakavihifadhi hata majira ya joto yarudi. La pili ni ghala. Kwa kuwa ardhi ya shambani haikuaminika tena, walichimba ardhi nyingine kwa ustadi.

Ghala hilo waliliita rua. Lilichimbwa mahali palipoinuka, mara nyingi mgongoni mwa kilima, ili maji yasituame. Mengine yalikuwa mashimo ya pembe nne, yenye urefu wa mita kadhaa, na nguzo za kushika paa. Paa lenyewe lilifunikwa kwa udongo, na mlango ulikuwa mdogo. Sakafuni walichimba vijifereji vya kuondolea maji. Mengine yalikuwa na umbo la mtungi: mdomo mwembamba juu, tumbo pana chini. Hekima yake ni kwamba udongo haupoi upesi kama hewa. Usiku wa sakitu, nje kila kitu hukakamaa, lakini ndani ya rua hali ya joto hubadilika kidogo tu. Leo wataalamu husema kwamba kiazi kitamu hukaa vizuri katika nyuzi 13 hadi 16, penye unyevu hewani bila maji ya kusimama. Wamaori hawakuwa na kipimajoto. Waliyajua hayo kwa kujaribu, kwa kupoteza, na kwa kujaribu tena.

Walakini shimo peke yake halikutosha. Kiazi chenye jeraha hata dogo huingiwa na uozo, na kimoja kikioza huwaharibu jirani zake. Kwa hiyo uvunaji, ambao huwa mnamo Machi na Aprili, ulikuwa kazi ya mikono mipole. Viazi vilivyochubuka vilitengwa vikaliwa kwanza, na vizima tu ndivyo vilivyoingia ghalani. Panya nao walikuwa adui. Tena kazi ya kumara iliwekwa chini ya tapu, yaani mwiko mkubwa, na chini ya ulinzi wa Rongo, waliyemwamini kuwa mungu wa mazao na amani. Mtu mwenye njaa katikati ya baridi alijua kwamba viazi vya mbegu si vyake, bali ni vya mwaka ujao.

Shambani pia walifanya juhudi. Katika sehemu nyingi, kama kando ya mto Waikato, walichimba mchanga na changarawe wakazichanganya na udongo, ili uwe mwepesi na upate joto. Kilimia, ambacho wao hukiita Matariki, kilipochomoza alfajiri katikati ya baridi, walikitazama kubashiri kama msimu utakuwa mwema.

Mwezi wa Oktoba 1769, Kapteni James Cook alipotia nanga katika ghuba ya Anaura, wenzake walistaajabia mashamba yaliyolimwa kwa unadhifu. Mmoja wao, Joseph Banks, alikadiria kwamba ghuba ile ilikuwa na ekari 150 au 200 zilizolimwa. Yote hayo yalitokana na mbegu zilizovushwa, baridi baada ya baridi, ndani ya mashimo.

Lakini ustadi nao una mpaka wake. Huko Purakaunui, kusini kabisa, yamepatikana mashimo ya aina hiyo yaliyochimbwa katika karne ya 15, zaidi ya kilomita 200 kupita mahali ambapo Wazungu walikuta kumara ikilimwa. Watu walijaribu, kisha wakaacha. Baadaye kiazi cha Ulaya, chenye kustahimili baridi, kilipoletwa, mashamba mengi yalikipokea. Hata hivyo kumara haikupotea: ingali inalimwa, hasa kaskazini, pande za Dargaville, na alama za mashimo ya kale zaonekana bado migongoni mwa vilima.

Basi methali yetu haikukosea, ila yahitaji kuongezewa neno. Akiba haiozi kwa mtu aijuaye tabia yake, akaichagua, akaijengea mahali pake, akajizuia asiile. Wamaori hawakuweza kuiondoa baridi. Walichoweza ni kuhakikisha kwamba kila ilipokwisha, palikuwa na kiazi kizima cha kupanda.