Fimwea: Historia ya Neno na Kifaa cha Moyo

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa nyaraka za hospitali ni fimwea, yaani maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya kifaa ili kukiendesha. Neno lenyewe si la kale. Lilitungwa na Mmarekani Ascher Opler katika makala yake iliyotoka katika jarida la Datamation mwaka 1967. Alikuwa akitafuta jina la kitu kilicho kati ya maunzi, ambayo ni shida kuyabadili, na programu, ambayo hubadilishwa kwa wepesi. Akachagua neno lenye maana ya uthabiti. Kwa hiyo jina hilo halielezi fimwea hufanya kazi gani, bali hueleza tu ugumu wa kuibadili.

Hebu tukitazame kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Cha kwanza kupandikizwa mwilini mwa mtu kilibuniwa na Rune Elmqvist, na daktari Åke Senning akakipandikiza huko Sweden mwezi Oktoba 1958. Hakikuwa na programu yoyote. Kilikuwa na transista mbili na betri ya kuchajiwa, basi. Kilikoma baada ya saa chache, mgonjwa akawekewa kingine, naye aliishi hadi mwaka 2001. Baadaye vifaa vya namna hii vilitiwa kompyuta ndogo, kisha redio ya kumpelekea daktari habari. Redio hiyo ilifungua mlango kwa wengine pia: mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha katika maabara kwamba kifaa cha kushtua moyo kingeweza kuamrishwa na mtu asiyehusika.

Agosti 2017 serikali ya Marekani ilitangaza fimwea mpya ya kuziba mwanya kama huo katika vifaa vya kampuni ya Abbott vipatavyo 465,000 nchini humo. Kazi ilichukua dakika 3 hivi, mgonjwa akiwa kliniki, na kwa muda huo kifaa kiliuendesha moyo kwa mapigo 67 kwa dakika. Hakuna aliyepasuliwa.

Wako wanaopendekeza “programu thabiti”. Ni tafsiri aminifu ya neno la Opler, lakini kwa mgonjwa ni ahadi isiyo ya kweli, kwani kilicho thabiti hakitazamiwi kubadilishwa. Sisi twaona “programu dhibiti”, ambayo tayari imezoeleka katika simu, ni bora, maana hutaja kazi. Hata hivyo, mahali ambapo kifaa chenyewe kimeitwa “kidhibiti mapigo”, mfasiri hana budi kujihadhari, la sivyo msomaji hatajua ni kipi kinachoguswa.

Kitenzi nacho kina uzito wake. Mwambie mgonjwa kuwa programu ya kifaa chake “itabadilishwa”, naye aghalabu atasikia kwamba kifua kitapasuliwa tena. Ukisema “itarekebishwa”, atadhani kifaa kimeharibika. “Kusasisha” ni kitenzi kinachofaa, ila kwenye fomu ya ridhaa kiongezewe maneno haya: bila upasuaji.