Swali la Msingi na Jibu la Waziri: Kazi ya Kila Siku ya Mbunge katika Bunge la Chama Kimoja Tanzania, 1965–1992

Historia ya Bunge la Tanzania katika kipindi cha chama kimoja imeandikwa zaidi kwa kufuata siku zake chache za msukosuko. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, na kwa kuwa mbunge alipaswa kuwa mwanachama, viti vyao vikawa wazi. Mwaka 1973 Bunge liliukataa Muswada wa Sheria ya Kodi ya Mapato. Baada ya wabunge kukumbushwa kwamba Rais anao uwezo wa kulivunja Bunge, muswada huo ulirejeshwa na kupitishwa. Mwaka 1975 Katiba ya Muda ilirekebishwa ili ukuu wa Chama usiwe na shaka tena. Kutokana na matukio hayo, watafiti wengi wamehitimisha kwamba Bunge lilikuwa mahali pa kupitishia yale yaliyokwisha kuamuliwa kwingine.

Hitimisho hilo lina ukweli wake. Hata hivyo linampima mbunge kwa kazi ambayo hakupewa, yaani kuiangusha Serikali, na kuiacha kando kazi aliyoifanya karibu kila siku ya kikao. Atakayezifungua Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge ataona kwamba, baada ya dua na hati za kuwasilisha mezani, jambo la kwanza si muswada. Ni maswali. Makala haya yanashikilia kwamba swali la mbunge, pamoja na taratibu nyingine ndogo zilizolizunguka, lilikuwa uwanja halisi wa uwakilishi katika miaka hiyo, na kwamba mipaka ya uwanja huo haikuwa ile inayotajwa kwa kawaida.

Yafaa kwanza kueleza mbunge huyu alitoka wapi. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilifanya kikao chake cha kwanza mwaka 1926, Gavana Donald Cameron akiwa mwenyekiti, na halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Taratibu za Baraza hilo zilikuwa za Westminster, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Baada ya Uhuru taratibu zilibaki ila lugha ikabadilika: Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili katika siku za mwanzo za Jamhuri, Desemba 1962, na mjadala ukahamia polepole katika lugha ya wapiga kura. Miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Jambo hili halijapewa uzito wa kutosha. Mbunge aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili tu alistahili kugombea, lakini muswada aliotakiwa kuujadili ulikuwa katika lugha nyingine. Swali, kwa upande wake, lilikuwa la Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Nadhani hapa pana sababu mojawapo ya wabunge wengi kuonekana hodari wakati wa maswali na kimya wakati wa vifungu.

Sababu ya pili ni uchaguzi wa mwaka 1965. Wagombea wawili wa chama kimoja walishindanishwa katika jimbo kwa alama za jembe na nyumba, na kwa kuwa wote walikuwa TANU, hapakuwa na sera ya kushindania. Mpiga kura alibaki na swali moja: huyu ametufanyia nini? Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Bibi Titi Mohamed alishindwa Rufiji. Ukubwa wa jina haukumlinda mtu. Mbunge aliyechaguliwa kwa namna hiyo alijua kwamba baada ya miaka mitano ataulizwa habari za barabara, zahanati na kisima, na alihitaji ushahidi wa maandishi kwamba aliyasemea.

Ushahidi huo ulikuwa na umbo lake maalumu. Kanuni zilitaka swali liwe swali, si hotuba. Liwasilishwe kwa Katibu wa Bunge kwa maandishi kabla ya siku yake. Lipewe namba, kisha lipelekwe kwenye wizara inayohusika. Wabunge walikwepa katazo la hotuba kwa muundo ambao kila msomaji wa Taarifa Rasmi anaufahamu: kwa kuwa wananchi wa mahali fulani wamejenga zahanati kwa kujitolea, na kwa kuwa zahanati hiyo haina mganga, je, Serikali itampeleka lini? Hoja nzima imejificha ndani ya “kwa kuwa”. Kinachobaki baada ya “je” ni kifupi, na Waziri hawezi kulijibu bila ama kukubali yaliyotangulia ama kuyakanusha hadharani. Kwa maoni yangu, muundo huu ni ubunifu wa kisiasa unaostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko hotuba nyingi za bajeti.

Tufuate safari ya swali hilo. Wizarani jibu haliwezi kuandikwa bila taarifa, na taarifa iko mkoani au wilayani. Kwa hiyo mtumishi fulani hutakiwa kulifungua jalada ambalo pengine lisingefunguliwa. Jibu husomwa na Waziri au naibu wake, aghalabu kwa maneno ya tahadhari: ombi limepokelewa, kazi itafanyika hali ya fedha itakaporuhusu. Hapo ndipo hufuata maswali ya nyongeza, ambayo hayakuandikwa na hayakutumwa mapema. Mbunge aliyejua hali ya jimboni kuliko karatasi ya wizara aliweza kumwaibisha naibu waziri kwa sentensi moja, na mwandishi wa Taarifa Rasmi akaongeza katika mabano neno “Kicheko” au “Makofi”. Mabano hayo ni chanzo cha kihistoria. Yanaonyesha ni wapi Bunge zima, chini ya chama kimoja, liliungana na muulizaji dhidi ya mjibuji.

Utaratibu mwingine wa namna hiyo ni kushika shilingi. Katika Bunge la Uingereza, kupendekeza kupunguza mshahara wa waziri ni njia ya zamani ya kuonyesha kutoridhika. Tanzania njia hiyo ilipata kiasi kidogo kabisa na jina la Kiswahili: katika Kamati ya Matumizi mbunge hushika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi apewe maelezo, kisha huirudisha. Karibu kila mara huirudisha. Anayesema kwamba huo ni mchezo tu anasahau kwamba Waziri hulazimika kusimama na kutoa ahadi mbele ya mashahidi, na ahadi hiyo huchapwa. (Siwa, inayotangulia mbele ya Spika, nayo ilibatizwa upya: chombo ni cha Westminster, lakini jina ni la baragumu ya watawala wa miji ya pwani.)

Raymond Hopkins, aliyewahoji wabunge katika miaka ya 1960, aliona kwamba wao wenyewe waliuelewa wajibu wao kwa namna finyu: kuwaeleza wananchi mambo ya Serikali na kuieleza Serikali mambo ya wananchi, bila kuipinga sera yenyewe. Uchunguzi wake ni wa thamani. Hata hivyo mahojiano hutupa kile ambacho mtu alikuwa tayari kumwambia mgeni. Taarifa Rasmi hutupa alichokitenda mbele ya Spika. Mbunge aliyesema kwamba haipingi sera aliweza, kesho yake, kuuliza kwa nini kijiji kilichohamishwa hakina maji. Hakuigusa sera ya vijiji. Aligusa matokeo yake, na rekodi ikabaki.

Mipaka ilikuwepo, nayo ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kisiasa, na waliofukuzwa mwaka 1968 ni ushahidi wake. Ya pili haijaandikwa sana: swali lililojibiwa lilihesabiwa kuwa limekwisha. Mbunge aliyetaka kufuatilia ahadi ilimpasa aandike swali jipya, lipewe namba mpya, lisubiri zamu yake. Serikali iliyotaka kuchelewa haikuhitaji kumnyamazisha mtu. Ilitosha kujibu vizuri. Kwa mtafiti, hii ina maana kwamba kuhesabu maswali na majibu hakutoshi. Lazima swali moja lifuatwe kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, kisha lifuatwe hadi majalada ya wilaya, kuona kama mganga alifika.

Mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa mwaka 1992, na wabunge wa upinzani waliochaguliwa mwaka 1995 walipoingia ukumbini, hawakulazimika kubuni zana mpya. Walikuta maswali yenye namba, maswali ya nyongeza na shilingi ya Waziri. Waliyatumia kwa makusudi ambayo wabunge wa mwaka 1965 hawakuyakusudia, lakini “kwa kuwa” na “je” zilikuwa zile zile.