Mashini inayofagia nyumba peke yake: historia iliyopitia penye mabomu

Leo tunazungumzia historia ya mashini ndogo ya duara ambayo wengi mmeiona kwenye simu. Wakongomani wengi waliokuwa wakimbizi Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania wamepokelewa Marekani, na kutoka huko wanatuma video za nyumba wanamoishi ama wanamofanya kazi. Katika video za namna hiyo unaona mashini inatambaa sakafuni, inafagia bila mtu kuishika, na pengine paka amekaa juu yake kama abiria wa pikipiki. Watoto wanacheka. Lakini historia ya mashini hiyo inatuhusu sisi watu wa Kivu na Ituri kuliko tunavyodhani, kwa sababu sehemu ya ujuzi unaoiongoza ilitafutwa kwanza kwa ajili ya kusafisha ardhi yenye mabomu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1901, huko Uingereza, injinia Hubert Cecil Booth alitengeneza mashini ya kufyonza vumbi. Kabla yake watu walijaribu mashini za kupuliza vumbi, nalo likahama tu kutoka kona moja hadi nyingine. Booth akasema ni afadhali kulivuta. Mashini yake ilikuwa kubwa, ikivutwa na farasi, ikiendeshwa kwa mota ya petroli. Ilisimama barabarani mbele ya nyumba, mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka wa 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey, London, kabla ya Mfalme Edward wa 7 kuvikwa taji.

Mashini ya kushikwa kwa mkono ilitoka kwa mtu wa kazi. Katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, James Murray Spangler alikuwa mfagiaji katika duka kubwa, naye alikuwa na ugonjwa wa pumu. Vumbi la ufagio lilimkaba. Mwaka wa 1907 akaunganisha mota ndogo ya umeme, mpini wa ufagio na foronya ya mto, vumbi likawa linaingia ndani ya foronya. Mwaka wa 1908 alipata hati ya uvumbuzi, akaiuza kwa familia ya Hoover, ambayo jina lake likaenea dunia nzima.

Kwa miaka 90 hivi baada ya hapo, kilichoendelea kuisukuma mashini ni mkono wa mtu. Sababu ni kwamba kufagia kuna maswali mawili. La kwanza: nitapitaje kila mahali bila kuacha kona? La pili: kitu gani nisikiguse? Mama anayefagia nyumba anajibu maswali hayo bila hata kuyafikiri. Mashini haikuweza.

Mwaka wa 1990, Rodney Brooks, Colin Angle na Helen Greiner, watu wa chuo cha MIT, walianzisha kampuni ya iRobot katika jimbo la Massachusetts. Brooks alikuwa akifundisha kwamba roboti haihitaji kubeba ramani nzima ya dunia kichwani. Mdudu hana ramani, lakini anatembea na anaishi. Basi roboti ipewe sheria chache: ukigonga kitu, geuka, ukifika ukingoni, rudi nyuma.

Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo changa ilipata kazi za jeshi la Marekani. Ilitengeneza roboti za kutafuta mabomu ya kutegwa na mabomu madogo yaliyoangushwa na ndege bila kulipuka. Roboti yake nyingine, PackBot, ilipelekwa Afghanistan mwaka wa 2002 kuingia mapangoni kabla ya askari. Katika kazi ya mabomu, injinia walikutana na lile swali la kwanza la mfagiaji: mashini ndogo isiyo na akili nyingi itapitaje juu ya kiwanja chote?

Wakati huohuo walifanya kazi na kampuni ya midoli ya Hasbro, wakajifunza kutengeneza vitu kwa bei ndogo. Walifanya kazi pia na kampuni ya SC Johnson kuhusu mashini kubwa za kusafisha sakafu. Ujuzi huo wa sehemu tatu, mabomu, midoli na sakafu, ukakutana ndani ya mashini moja. Septemba 2002 waliiuza kwa jina la Roomba, kwa dola 200 hivi. Kampuni ya Electrolux ya Sweden ilikuwa imetangulia na mashini yake, Trilobite, mwaka wa 2001, lakini ilikuwa ghali sana kwa familia nyingi.

Roomba ya kwanza haikuwa na macho. Ilizunguka kama konokono kuanzia katikati, ikigonga kitu inageuka, ikikuta ukuta inaufuata. Chini yake kulikuwa na taa zisizoonekana kwa jicho, za kutambua ngazi ili isianguke. Ilipita na kupita tena mpaka sehemu kubwa ya chumba imefikiwa.

Hapa ndipo tofauti ya nyumba na shamba inapoonekana. Ukiacha vumbi kidogo chini ya kitanda, kesho utalifagia. Ukiacha bomu moja shambani, kesho mtoto atakanyaga. Kwa hiyo kanuni za kimataifa za kusafisha ardhi kwa ajili ya raia zinataka hatari yote iondolewe katika eneo lililopimwa, mpaka kina kilichokubaliwa. Kupita karibu kila mahali, kazi inayotosha sebuleni, haitoshi shambani.

Swali la pili, la kitu kisichopaswa kuguswa, lililetwa na wanyama wa nyumbani. Huko Marekani na Ulaya mbwa na paka wengi wanalala ndani ya nyumba. Watu walinunua mashini hizi kwa sababu ya manyoya yanayojaa kwenye mazulia. Lakini manyoya hayohayo yaliviringika kwenye brashi mpaka mashini ikakwama. Mwaka wa 2013 kampuni ikatoa mashini yenye rola za mpira mahali pa brashi za nywele, na shida hiyo ikapungua.

Iliyobaki ni kinyesi. Mwaka wa 2016, mtu mmoja wa jimbo la Arkansas aliandika yaliyoikuta nyumba yake. Mbwa mdogo alijisaidia usiku, na mashini ilikuwa imepangwa kuanza kazi wakati watu wamelala. Asubuhi walikuta uchafu umepakwa sakafuni, kwenye zulia na kwenye miguu ya samani. Habari hiyo ilizunguka dunia, na wengi wakasema hata kwao imetokea. Mashini haikuwa imeharibika. Ilifanya kazi iliyofundishwa, yaani kupita kila mahali, na kwa bidii hiyo ikaeneza uchafu ambao ufagio ungeuepuka.

Kampuni ilichukua miaka kupata jibu. Mwaka wa 2021 ilitoa mashini yenye kamera mbele, iliyofundishwa kwa picha nyingi kutambua kinyesi cha mbwa na kukizunguka. Ili kupata picha, wafanyakazi walitengeneza kinyesi cha bandia cha maumbo mbalimbali. Kampuni ikaahidi kwamba mashini hiyo ikikosea, mteja anapewa nyingine.

Lakini macho yalileta deni lingine. Desemba 2022, gazeti la MIT Technology Review lilieleza kwamba picha zilizopigwa na mashini za majaribio mwaka wa 2020, ndani ya nyumba za watu, zilionekana katika makundi ya mtandaoni. Mojawapo ilikuwa ya mwanamke aliyekaa chooni. Wafanyakazi wa Venezuela, waliolipwa kuandika majina ya vitu kwenye picha, ndio walioziweka humo. Kampuni ilisema hizo hazikuwa mashini za dukani na kwamba waliozitumia walikubali kutoa picha. Hata hivyo watu walielewa kwamba ili mashini ijue kuona, lazima kwanza kuwe na mtu mahali fulani anayetazama.

Sasa turudi kwetu. Betri nyingi za lithiamu, za aina inayotumika katika mashini kama hizi na katika simu zetu, zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Roboti zimepewa jina na bei na zimeingia sebuleni. Lakini katika mashamba ya dunia yenye mabomu, kazi kubwa bado inafanywa na watu wanaosogea polepole na chombo cha kutambua chuma, pamoja na wanyama.

Ndiyo, wanyama. Mjini Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa baruti. Panya huyo ana uzito wa kilo moja na kidogo, kwa hiyo hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Chombo cha chuma kinalia kwa msumari na kwa kopo la nyanya. Panya anapita juu ya kopo bila kusimama, kwa sababu anatafuta harufu ya baruti. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu 70 ya kutegwa, akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka wa 2020. Alikufa Januari 2022. Sebuleni mnyama ndiye anayeishinda mashini kwa uchafu wake. Shambani mnyama anajua jambo ambalo mashini bado inajifunza.

Kwetu hatari kubwa zaidi si mabomu ya kutegwa ardhini. Ni mabaki ya vita: makombora, gurunedi na roketi ambazo hazikulipuka, zinazobaki shambani, njiani na hata ndani ya nyumba zilizoachwa. Hakuna mashini ya dola 200 itakayotangulia mbele ya familia inayorudi kijijini. Kwa hiyo tunawaomba wazazi wawaambie watoto haya kabla ya safari.

Kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, usikitupie jiwe, usikichukue kuuza kama chuma chakavu. Usichome moto shamba ambalo halijaangaliwa baada ya mapigano, maana joto linaweza kulipua. Ukikiona, simama, onya walio nyuma yako, rudi kwa kukanyaga ulipokwisha kukanyaga. Kisha mwambie chefu wa kijiji, ili habari ifike kwa wataalamu wa kuondoa mabomu. Kama kuna alama nyekundu au fuvu la kichwa lililochorwa, usiing'oe hata kama shamba ni lako.

Na kwa ndugu zetu walio ng'ambo wenye mbwa na mashini ya kufagia: angalieni sakafu kabla ya kuiwasha, msiipange kufanya kazi usiku mkiwa mmelala, kateni manyoya kwenye rola kila juma, na mjue kama mashini yenu ina kamera na picha zake zinakwenda wapi.